Pailoti inayozimika mafuta yakishapata moto: uchambuzi wa kisa cha kikaangio kimoja cha gesi

Kikaangio chenyewe ni cha kusimama sakafuni, tangi moja la lita 23, mirija mitatu ya moto inayopita katikati ya mafuta, na kinatumia gesi ya mtungi. Hakichomekwi ukutani. Umeme wote unaohitajika kuiweka vali ya gesi wazi unatengenezwa na mwali wa pailoti, ule mdogo unaobaki umewaka ili kuwasha kichomeo kikuu, kupitia themopaili, kifaa kinachogeuza joto kuwa umeme. Vikaangio vya namna hii viko kwenye majiko mengi ya biashara, kwa sababu vinaendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika.

Malalamiko yalikuwa matatu, yaliyoletwa kana kwamba ni moja. Asubuhi, kuwasha pailoti kunahitaji kubonyeza kiwashio mara kumi na zaidi. Ikishawaka, inakaa bila shida. Lakini kati ya dakika 25 na 40 tangu kazi ianze, kila kitu kinazimika kwa mpigo, pailoti na kichomeo kikuu pamoja. Kikiachwa kipoe kidogo kinawashika tena, halafu kinazimika tena.

Themopaili ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Mpya ya kwanza ilituliza tatizo kwa takriban wiki sita. Ya pili ilidumu siku nne. Zile mbili zilizotolewa hazikutupwa, zilikuwa bado kwenye boksi la spea.

Historia hiyo fupi ina habari kuliko kitu kingine chochote kilichosemwa. Kama themopaili ndiyo ingekuwa mbovu, mpya ingemaliza tatizo kwa miaka. Na kama haikuhusika hata kidogo, mpya isingesaidia hata siku moja. Kifaa kipya kinaposaidia kwa muda, kisha kingine kikasaidia kwa muda mfupi zaidi, maana yake kinaongeza nguvu kwenye mfumo unaopoteza nguvu mahali pengine, na upotevu huo unaendelea kukua.

Umeme unavyosafiri

Themopaili ni fungu la themokapo nyingi zilizounganishwa mfululizo ndani ya kibomba kimoja cha chuma. Themokapo moja hutoa kama milivolti 25 hadi 30. Themopaili ya kikaangio huitwa ya milivolti 750, ingawa ikiwa kazini na waya zake zimefunguliwa kwenye vali, kipimo cha kawaida ni kati ya 500 na 700. Umeme huo unatokana na tofauti ya joto kati ya ncha iliyo ndani ya mwali na shina lililo nje ya mwali. Shina likipata joto, umeme unapungua hata kama mwali haujabadilika.

Kutoka themopaili, umeme unapita kwanza kwenye swichi ya kikomo cha joto, kisha unafika kwenye koili ya pailoti ndani ya vali. Koili hiyo ni sumaku dhaifu sana. Haina uwezo wa kuvuta mlango wa gesi, inaweza tu kuushikilia ukishasukumwa na kidole. Ndiyo sababu nobu ya vali inabonyezwa na kushikiliwa sekunde 45 hadi 60 wakati wa kuwasha: kidole kinafanya kazi ya sumaku hadi themopaili ipate joto la kutosha. Tawi la pili linapita kwenye themostati na kufika koili ya vali kuu. Themostati ikidai moto, koili mbili zinakula kwenye sahani moja, na milivolti zinashuka karibu nusu. Kushuka huko si ugonjwa.

Kwa vali nyingi za aina hii, vipimo vinavyoridhisha ni hivi: waya zikiwa zimefunguliwa, zaidi ya milivolti 450, koili ya pailoti peke yake, zaidi ya 325, na koili zote mbili zikiwa kazini, 150 hadi 250. Zikifika chini kama 100 hivi, sumaku iko ukingoni. Kitabu cha mashine kikisema tofauti, kifuatwe hicho.

Kabla ya kugusa chochote

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hushuka na kulala chini ya kikaangio na kwenye pembe za sakafu. Baada ya kila jaribio lisilofanikiwa, nobu inarudishwa kwenye kufunga na kusubiriwa dakika 5 kamili kabla ya kujaribu tena. Kunusa kufanyike karibu na sakafu, si usawa wa uso. Ikinukia gesi, hakuna kugusa swichi yoyote ya umeme, valvu ya mtungi inafungwa na mlango unaachwa wazi. Mivujo hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na kichomeo kikuu hakiwashwi mpaka mafuta yafunike mirija yote: mrija mtupu hupata joto la kuunguza mafuta yoyote yaliyobaki juu yake ndani ya muda mfupi.

Kipi kilitangulia: mlio au giza?

Hatua ya kwanza haikuhitaji kifaa. Mlango wa chini ulifunguliwa, kikaangio kikawashwa, mtu akakaa akiutazama mwali wa pailoti huku akisikiliza vali, mpaka kizimike chenyewe.

Mpangilio wa matukio unagawa tatizo mara mbili. Mwali ukizimika kwanza, kisha baada ya sekunde kadhaa, pengine hadi dakika, vali ikalia "tak", basi chanzo ni gesi au upepo: mwali ulikosa gesi au ulipulizwa, themopaili ikapoa polepole, sumaku ikaachia mwishoni. Vali ikilia kwanza na mwali ukafa papo hapo baada ya mlio, mwali ulikuwa mzima na sumaku ndiyo iliyoachia. Hapo shida iko kwenye umeme.

Hapa mlio ulitangulia. Mwali haukuyumba, haukuvutwa upande wala haukufifia kabla ya mlio. Jambo hilo peke yake liliondoa kwenye orodha feni ya kufyonza moshi, upepo wa mlango wa nyuma, na mtungi unaoishiwa. Inasikitisha ni mara ngapi feni hulaumiwa na vizuizi vya bati kuwekwa kuzunguka kikaangio, wakati dakika 30 za kutazama zingetosha. Mabati hayo, juu ya hayo, huziba hewa ya kichomeo.

Presha ilipimwa hata hivyo, kwa manomita ya maji, kwa sababu kazi isiyo na kipimo cha presha haijakamilika. Upande wa kuingilia ilikuwa milibari 29 kichomeo kikiwa kimezimwa na 27 kikiwaka. Kwenye kichomeo, milibari 25. Kwa gesi ya mtungi, mashine nyingi zinataka 25 hadi 27 hapo, na kwa gesi asilia ni karibu 10 tu. Bamba la mashine lilikubaliana na kipimo. Regyuleta ikaachwa.

Mwali wenyewe

Mwali wa pailoti mzuri ni wa buluu, mkali kiasi, na unafunika milimita 10 hadi 13 za ncha ya themopaili. Huu ulikuwa mlegevu, wenye kingo za njano, na uligusa ncha kwa milimita 4 hivi. Ulionekana "unawaka", na ndiyo sababu ulipita mbele ya macho ya watu wengi bila kutiliwa shaka.

Skrubu ya kurekebisha mwali, ile iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo kwenye vali, ilikutwa imefunguliwa hadi mwisho. Mtu alikuwa ameshahisi kwamba mwali ni mdogo na akajaribu kuuongeza hapo. Skrubu ikiwa imefunguliwa yote, presha ikiwa sahihi, na mwali bado ni mdogo, kilichobaki ni jeti ya pailoti, yaani kipande chenye kitundu kinachotoa gesi ya mwali.

Tundu la jeti ya gesi ya mtungi lina upana wa takriban milimita 0.3. Uchafu usioonekana kwa jicho unatosha kulipunguza. Unatoka sehemu mbili: utelezi mzito unaoletwa na gesi yenyewe kupitia mipira na mabomba, na unga pamoja na mvuke wa mafuta unaovutwa na matundu ya hewa ya pailoti kutoka jikoni. Buibui naye hufanya sehemu yake kwenye mashine zilizokaa muda bila kutumika. Kingo za njano zinaonyesha kwamba matundu ya hewa yameziba pia, si jeti peke yake.

Vipimo vya baridi

Kikaangio kikiwa kimepoa, mita ikiwa kwenye milivolti za umeme wa mkondo mmoja, pailoti ikiwa imewaka dakika 5, vipimo vilikuwa:

waya za themopaili zimefunguliwa: 455
koili ya pailoti peke yake: 265
koili zote mbili, kichomeo kikiwaka: 150

Namba hizi ndizo mtego wa kisa hiki. Ya kwanza inapita kwa shida, ya pili iko chini, ya tatu iko mpakani, na kikaangio kinafanya kazi. Fundi anayepima asubuhi ataona udhaifu, ataamua themopaili imechoka, ataibadilisha. Ni uamuzi unaoeleweka, na ulishafanywa mara mbili. Kasoro ni kwamba themopaili haiwezi kutoa zaidi ya joto inalopewa. Ikiguswa na mwali wa milimita 4, hata mpya kabisa itatoa milivolti 450 na kitu.

Kwa nini basi ya kwanza ilisaidia wiki sita? Ili kuibadilisha, mkono wa pailoti ulifunguliwa, kofia yake ikapigwa brashi, miisho ya waya ikakwanguliwa na kukazwa upya. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo kilirudisha milivolti chache. Sifa ikapewa kifaa kipya.

Vipimo vya moto, na mahali pa kuweka ncha za mita

Kosa linalojitokeza mafuta yakiwa na joto linapimwa mafuta yakiwa na joto. Kipimajoto kisichotegemea mashine kiliwekwa ndani ya mafuta, sentimita 2 hadi 3 kutoka usawa wa kihisi cha themostati, na themostati ikawekwa nyuzi 180. Mita mbili zilitumika: moja kwenye koili, pale waya zinapoingia kwenye vali, nyingine kwenye skrubu mbili za swichi ya kikomo. Mita moja tu inatosha kama mtu yuko tayari kuhamisha ncha, mradi asicheleweshe.

Kupima volti kati ya skrubu mbili za swichi inayopitisha umeme ni njia bora kuliko kupima omu, yaani ukinzani. Swichi nzima haizuii umeme, kwa hiyo milivolti kati ya skrubu zake mbili ziwe karibu na sifuri, tano au chini. Chochote kinachoonekana hapo kimeibiwa kutoka kwa sumaku. Omu hupimwa waya zikiwa zimefunguliwa na swichi haifanyi kazi, hali ambayo kosa lenyewe linaweza kujificha.

Mafuta yakiwa nyuzi 60, swichi ilikula milivolti 7 na koili ikapata 149. Kwenye 120, swichi 31, koili 140. Kwenye 160, swichi 69, koili 124. Kwenye 175, swichi 104, koili 110. Mafuta yalipofika 179, swichi ilikuwa imechukua 144 na koili imebakiwa na 96. Vali ikalia, moto ukafa.

Sasa jumlisha namba za kila mstari. Mwanzoni jumla ni 156, mwishoni ni 240. Maana yake ni kwamba aliyeweka ncha za mita kwenye waya za themopaili zenyewe, kabla ya swichi, angeona volti zikipanda vizuri kadiri kikaangio kinavyopata joto, wakati huohuo sumaku inakufa kwa njaa upande wa pili. Volti zinapanda kwa sababu swichi inazuia mkondo, na themopaili isiyotolewa mkondo mwingi huonyesha volti nyingi. Kwenye mfumo wa milivolti, kipimo kichukuliwe mlangoni kwa mlaji, yaani kwenye koili, kisha kirudishwe nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye chanzo.

Themostati nayo ilipimwa hivyohivyo: milivolti 4, bila kubadilika. Ikaachwa.

Je, swichi ilikuwa inasema kweli?

Swali hili lazima lijibiwe kabla ya mtu yeyote kuiita swichi ya kikomo mbovu. Kazi yake ni kuzima kila kitu mafuta yanapozidi joto, mara nyingi karibu nyuzi 230, kabla hayajafika joto la kujiwasha yenyewe. Kama themostati imeharibika na mafuta yanapanda kupita kiasi, swichi inayozima inafanya kazi yake, na kuibadilisha ni kumfukuza mlinzi aliyemkamata mwizi.

Mambo mawili yalijibu. Kipimajoto cha pembeni kilionyesha nyuzi 179, mbali na 230. Pia namna umeme ulivyopotea: swichi inayofunguka kihalali hukata mara moja, milivolti za koili zikidondoka hadi sifuri. Hapa zilishuka taratibu kwa dakika zaidi ya 20. Platini za swichi, yaani vipande viwili vinavyogusana ili kupitisha umeme, hazikuwa zinafunguka, zilikuwa zinagusana vibaya.

Sababu ya joto kuongeza ubaya huo iko ndani ya swichi. Kihisi chake kina kimiminika kinachotanuka na, kupitia kijibomba chembamba, kusukuma kiwambo. Kadiri mafuta yanavyokaribia kikomo, nguvu inayozibana platini pamoja hupungua. Platini safi hazijali. Zilizopata utando wa mvuke wa mafuta zinahitaji mgandamizo ili zipitishe umeme, na mgandamizo ndio unaopungua. Kwenye umeme wa ukutani volti 230 zingetoboa utando huo bila shida. Milivolti 150 hazitoboi kitu. Kwa sababu hiyo hiyo, swichi iliyotengenezwa kwa umeme wa ukutani isifungwe kwenye mfumo huu hata kama kijibomba, uzi wa nati na nyuzi za joto vinalingana. Platini zake hazikukusudiwa mkondo mdogo kiasi hiki, na tatizo litarudi.

Na hapa pa kusemwa wazi: njia ya mkato inayojulikana na wengi ni kuunganisha waya mbili za swichi ya kikomo pamoja. Kikaangio hakitazimika tena. Hakitazimika hata siku themostati itakapoganda ikiwa inadai moto. Mafuta yatapita nyuzi 230, yatatoa moshi mzito, kisha yatawaka yenyewe, na lita 23 za mafuta yanayowaka hazizimwi kwa maji: maji hugeuka mvuke chini ya mafuta na kuyarusha jiko zima. Hakuna haja ya kuunganisha waya hizo hata kwa majaribio, maana mita juu ya skrubu mbili inatoa jibu lilelile mfumo wa usalama ukiwa kazini.

Makosa mawili yaliyobebana

Swichi ingewekwa mpya na mwali ukaachwa, koili ingepata kama milivolti 150 na kikaangio kingefanya kazi, lakini kikiwa ukingoni, kikisubiri jeti izibe zaidi kidogo. Jeti ingesafishwa na swichi ikaachwa, mahesabu yanatoa kama 130 mafuta yakiwa ya moto, na kikaangio kingefanya kazi hadi utando wa platini unenepe. Vyovyote vile fundi angeondoka akishukuriwa, na angeitwa tena.

Kuna na mchango wa tatu, mdogo lakini halisi: kichomeo kikiwa kimefanya kazi nusu saa, kabati la chini linapata joto, shina la themopaili linapata joto, na tofauti ya joto inayozaa umeme inapungua. Kwenye kikaangio hiki ilikuwa hasara ya milivolti 25 hivi kati ya 455. Mfumo wenye akiba hausumbuliwi na hasara hiyo.

Matengenezo

Valvu ya mtungi ilifungwa, mafuta yakaachwa yapoe hadi chini ya nyuzi 40, kisha yakatolewa yote. Kihisi cha swichi kiko ndani ya tangi, hivyo hakuna njia ya kukibadilisha mafuta yakiwa humo.

Nati ya bomba la pailoti ilifunguliwa kwa spana mbili, moja ikizuia mkono wa pailoti usijipinde. Jeti ilitolewa, ikalowekwa kwenye spiriti dakika 15, ikapulizwa kwa hewa ya kompresa kutoka upande wa mwali kuelekea upande wa gesi ili uchafu urudi ulikotoka. Haikuchokonolewa. Waya wa chuma au sindano kwenye tundu la milimita 0.3 hulipanua, na jeti iliyopanuliwa haina marekebisho zaidi ya kununua nyingine. Bomba la pailoti nalo lilipulizwa likiwa limefunguliwa pande zote mbili, la sivyo uchafu uliomo ungeziba jeti safi ndani ya saa moja. Matundu ya hewa kwenye mkono wa pailoti yalipigwa brashi laini.

Swichi mpya ya kikomo ilikuwa ya namba ileile ya spea. Kijibomba chake kisipindwe kwa kona kali. Kikipasuka, kimiminika hutoka na swichi haitegemeki tena. Kihisi kilirudi kwenye vishikizo vyake vilevile, bila kugusa mrija wa moto. Nati ya kuingilia kwenye tangi ilipakwa dawa ya nyuzi inayostahimili joto na mafuta. Miisho yote ya waya ilikwanguliwa ikang'aa na kukazwa.

Nati za gesi zilirudishwa, zikapakwa povu la sabuni pailoti ikiwa inawaka, kisha tena kichomeo kikuu kikiwa kinawaka. Hakuna kipovu kilichojaa.

Jeti ikiwa safi, skrubu iliyoachwa wazi hadi mwisho ilitoa mwali mkubwa unaonguruma na kulizingira shina zima la themopaili. Mwali wa hivyo si faida: unapasha shina, unapunguza tofauti ya joto, na unaunguza ncha mapema. Skrubu ilizungushwa kulia taratibu hadi mwali ukafunika milimita 12 za ncha, kifuniko kikarudishwa.

Kiwashio

Malalamiko ya asubuhi yalikuwa na chanzo chake chenyewe, ingawa mwali dhaifu uliyachangia. Gizani, kiwashio kilipobonyezwa, cheche ilionekana, lakini haikuwa mahali pake. Iliruka kutoka kwenye kigae cha elektrodi kwenda kwenye bati, milimita 20 chini ya ncha. Kigae kilikuwa na mstari mweusi wa mafuta yaliyoungua, na mstari huo ni njia rahisi kuliko hewa. Nafasi kati ya ncha ya elektrodi na kofia ya pailoti ilikuwa milimita 7, kwa sababu elektrodi ilisukumwa wakati themopaili zikibadilishwa.

Kigae kilifutwa kwa kitambaa chenye spiriti hadi kikawa cheupe, kikakaguliwa kama kina ufa (kingekuwa nao kingebadilishwa, ufa haufutiki), na nafasi ikawekwa milimita 3.5. Kwa kawaida 3 hadi 4 zinatosha. Waya wa cheche ulisogezwa usiguse bati. Cheche iliyokaa sawa ni ya buluu-nyeupe na inaruka kila mbonyezo.

Baada ya kufungua mabomba, hewa iliyojaa ndani inabidi itoke kwanza, hivyo kuwasha kwa mara ya kwanza kulichukua karibu dakika nzima ya kushikilia nobu. Mara ya pili pailoti iliwaka kwa mbonyezo wa pili.

Baada ya kazi

Vipimo vilirudiwa kwa mpangilio uleule. Baridi: waya zikifunguliwa 620, koili ya pailoti 360, koili zote mbili 208. Mafuta yakiwa nyuzi 180 baada ya themostati kuwasha na kuzima mara sita: koili 198, swichi ya kikomo 3. Kipimajoto cha pembeni kilisoma kati ya 177 na 183. Kikaangio kiliachwa kikifanya kazi saa mbili, kikiingizwa chakula kibaridi kila baada ya dakika chache ili themostati ilazimike kuita moto mara kwa mara. Hakikuzimika.

Namba hizo tatu za baridi, pamoja na milimita za mwali na tarehe, ziliandikwa kwenye kibandiko ndani ya mlango wa chini. Anayekuja kupima mwaka unaofuata atakuwa na cha kulinganishia.

Mwishowe zile themopaili mbili za kwenye boksi zilifungwa mojamoja kwenye mwali uliosafishwa na kupimwa waya zikiwa wazi. Ile ya asili, yenye miaka kadhaa ya kazi, ilitoa milivolti 545. Ile mpya ya kwanza ilitoa 610.